Kusoma Maji, Kusoma Theluji: Jinsi ya Kujiandaa kwa Safari ya Siku Saba Katika Hifadhi ya Olympic

Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja hahitaji kuambiwa kwamba bahari ina saa zake. Anazijua siku za bamvua na siku za maji mafu, anajua ni lini akina mama watashuka kuchokoa pweza na ni lini ngalawa itakalia mchanga. Ujuzi huo ni mtaji mkubwa kwa yeyote anayetaka kutembea kwa miguu na kulala kwenye hema katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako ufuko wa Bahari ya Pasifiki na milima yenye barafuto, yaani mito ya barafu inayoshuka polepole, vimo ndani ya hifadhi moja. Hata hivyo, ujuzi huohuo unaweza kumponza, kwa sababu maji ya kule hayajai wala hayapwi kwa mpango tuliouzoea, na mwongozaji uliyemlipa hawezi kukushika mkono kwenye kila mwamba. Ninaeleza hapa safari ya siku saba, yaani siku tatu za pwani, siku moja ya kupumzika na siku tatu za mlimani, na nafasi kubwa nitaitumia kwenye maji, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona watu wenye nguvu na akili timamu wakikosea.

Mahali penyewe na wakati wa kwenda

Hifadhi hii iko katika jimbo la Washington, magharibi mwa jiji la Seattle, kwenye nchi iliyozungukwa na maji pande tatu. Ilianzishwa mwaka 1938 wakati wa Rais Franklin D. Roosevelt, ukanda wa pwani ukaongezwa mwaka 1953, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu mwaka 1988 karibu asilimia 95 ya eneo lake limelindwa kisheria kama pori lisiloguswa, na maana yake kwa msafiri ni kwamba ukishaacha barabara hakuna hoteli, hakuna duka, wala hakuna vibanda vya kulala kama vile vya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro. Kila utakachokihitaji utakuwa umekibeba mwenyewe.

Kilele cha juu kabisa, Mlima Olympus, kina urefu wa karibu mita 2,430, ambao haufiki hata nusu ya mita 5,895 za Kilimanjaro, na njia nitakayoieleza haifiki hata mita 1,700. Wapo wanaosikia tarakimu hizo wakaona ni mchezo. Kilimanjaro iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, lakini Olympus iko karibu digrii 48 kaskazini, tena mawingu yanayotoka Pasifiki hugonga milima hiyo kabla ya kukutana na kitu kingine chochote, yakamwaga maji yao hapohapo. Bonde la mto Hoh, lililo chini ya mlima huo upande wa magharibi, hupata mvua inayokaribia mita tatu na nusu kwa mwaka. Huko juu mvua hiyo huwa theluji, na theluji hiyo huweza kulala kwenye njia za mita 1,500 hadi katikati ya Julai. Kwa hiyo ugonjwa wa kimo, ambao ndio hofu kuu ya wapandaji wa Kilimanjaro, hautakusumbua hapa. Kitakachokuwinda ni baridi iliyochanganyika na maji.

Wakati mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Septemba. Miezi hiyo ndiyo yenye mvua kidogo, na mchana ni mrefu kiasi kwamba mwishoni mwa Julai jua huzama karibu saa tatu usiku. Pamoja na hayo, ukungu wa pwani unaweza kufunika ufuko asubuhi nzima hata katika Agosti, na mvua ya siku mbili mfululizo si jambo la ajabu mwezi wowote.

Kumchagua mwongozaji

Kampuni inayoongoza wageni kwa malipo ndani ya hifadhi za taifa za Marekani inapaswa kuwa na idhini ya biashara iliyotolewa na hifadhi yenyewe, na mgeni ana haki ya kuomba kuiona. Iombe kabla ya kulipa malipo ya awali. Uliza pia kama mwongozaji ana mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini, ambayo ni tofauti na yale ya mjini kwa sababu yanamwandaa mtu kumhudumia mgonjwa kwa saa nyingi kabla ya msaada kufika. Uliza anabeba chombo gani cha mawasiliano ya setilaiti, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika mapema sana. Kundi zima, waongozaji wakiwemo, haliruhusiwi kuzidi watu 12, lakini kwa maoni yangu kundi la watu sita pamoja na waongozaji wawili ndilo linalotembea vizuri kwenye miamba.

Swali ambalo wengi hawaliulizi, na ambalo mimi ningelitanguliza, ni hili: ikitokea tumechelewa na maji yameanza kujaa kabla hatujavuka rasi, utafanya nini? Mwongozaji mzuri atajibu bila kusita kwamba tutakaa, tutapika chai na tutasubiri, hata ikimaanisha kulala mahali ambapo hatukupanga. Akianza kusema kwamba huwa wanakimbia kidogo na kupita, mshukuru kwa muda wake na umtafute mwingine.

Kila anayelala porini lazima awe na kibali cha hifadhi, ambacho huombwa kwa njia ya intaneti kwenye tovuti ya serikali ya Recreation.gov. Nafasi za majira ya joto hufunguliwa mwezi wa Aprili, na zile za maziwa ya mlimani huisha haraka. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayoshughulikia kibali, lakini omba nakala, usome mwenyewe majina ya kambi na tarehe zake, kwa sababu kambi za mlimani zina idadi maalumu ya watu na hupangwa usiku kwa usiku. Niliwahi kufika kambi moja ya ziwani jioni na kundi ambalo tarehe yake ilikuwa imeandikwa kimakosa, tukalazimika kushuka kwa saa mbili gizani. Kuanzia siku hiyo sijaacha kusoma kibali neno kwa neno.

Hakuna wagumu

Anayetoka Afrika Mashariki na kuijua safari ya Kilimanjaro amezoea kuona wagumu wakitangulia na mizigo, hema limeshasimamishwa anapofika, na mpishi anaita watu kwenye uji. Katika Olympic hakuna wapagazi. Utabeba shanta lako lenye nguo, mfuko wa kulalia, godoro jembamba na maji, kisha utakabidhiwa sehemu yako ya chakula cha kundi, sufuria, mtungi wa gesi au nguzo za hema. Jitahidi mzigo wote usizidi robo ya uzito wa mwili wako. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya kilo 14 na 18, na kilo hizo huhisiwa kwa namna tofauti kabisa ukiwa umening'inia kwenye ngazi ya kamba iliyofungwa kwenye ukingo wa udongo unaoteleza.

Anza mazoezi wiki nane kabla. Mtu anayeishi ghorofani ana bahati, kwa kuwa ngazi ndizo mwalimu bora: panda na kushuka kwa dakika 40, mara tatu kwa wiki, ukiwa na shanta lenye chupa za maji, ukiongeza chupa moja kila wiki. Kushuka kuna umuhimu uleule wa kupanda, kwa sababu magoti huumia kwenye mteremko. Buti ziwe zimevaliwa kwa mwezi mzima kabla ya safari.

Kuhusu nguo, kanuni ni moja tu, nayo ni kuiacha pamba nyumbani. Pamba ikilowa haikauki, na ikilowa hunyonya joto la mwili. Fulana ya ndani, soksi na kofia viwe vya sufu au vya kitambaa cha michezo, na juu yake pawe na koti la mvua lisilopenyeza maji kwa kweli, wala si lile linalosemekana tu kuwa halipenyezi. Lijaribu bafuni kwa dakika 10 chini ya maji. Akina dada wanaojistiri wachague mtandio na nguo ndefu za kitambaa hichohicho cha michezo. Kanga moja nyepesi naiunga mkono, kwa kuwa ina kazi mia kambini, ila isiwe nguo ya kutembelea. Suruali ya jinzi isiingie kwenye mzigo kabisa.

Chakula chote cha pwani lazima kihifadhiwe ndani ya kopo gumu lenye mfuniko ambao mnyama hawezi kuufungua. Watu huliita kopo la dubu, lakini ufukweni adui hasa ni rakuni, mnyama mdogo mwenye barakoa nyeusi usoni na vidole vyepesi kama vya tumbili, ambaye hupasua shanta usiku na hata kuiba chupa za maji matamu. Dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kujipaka navyo huingia humo, kwa kuwa vina harufu. Makopo hayo hukodishwa, na kampuni nyingi huyatoa. Kwa vile nafasi yake ni ndogo, vyakula vikavu na vizito ndivyo vinavyofaa: tende, njugu, siagi ya karanga, nyama kavu. Mimi hubeba pia unga wa sembe, kwa kuwa hushikana vizuri ndani ya kopo na ugali huiva kwa gesi kidogo kuliko wali. Asiyekula nyama isiyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu amwarifu mwongozaji mwezi mmoja kabla, kwa sababu vyakula vya kundi hununuliwa na kufungwa mapema, na porini hakuna pa kubadilishia.

Maji ya pwani

Njia ya pwani ninayoipendekeza huanzia Third Beach, karibu na kijiji cha La Push cha watu wa Quileute, na kuelekea kusini hadi mahali panapoitwa Oil City, umbali wa kilomita 27 hivi. Oil City haina mji. Ni jina lililobaki tangu watu walipotafuta mafuta huko mwanzoni mwa karne ya 20. Kilomita 27 kwa siku tatu zinaonekana chache, lakini njia hii hukatwa na rasi zinazoingia baharini kama kuta, na kila rasi ina masharti yake. Nyingine huzungukwa kwa chini wakati wowote maji yakiwa yamekupwa vya kutosha. Nyingine, kama Taylor Point na Hoh Head, hazizungukiki hata maji yakipwa namna gani, na ni lazima upande juu kwa kamba na ngazi, upite msituni katika tope, kisha ushuke upande wa pili. Kwenye miti ya ufukweni, mahali njia ya juu inapoanzia, pamepigiliwa vibao vya duara vyekundu na vyeusi. Ukikiona kibao hicho, simama na utazame ramani kabla hujaendelea mbele.

Sasa tuje kwenye jedwali la maji. Huku kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kupwa kwa asubuhi na kwa jioni hakutofautiani sana, kwa hiyo aliyekosa kupita asubuhi anajua atapita jioni. Pwani ya Washington nayo ina kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini si sawasawa hata kidogo. Kupwa kumoja huwa kukubwa na kwingine kudogo, na vivyo hivyo kujaa. Tuseme jedwali la La Push la siku moja ya kiangazi linaonyesha kwamba maji yatapwa hadi futi moja chini ya sifuri (sifuri ya jedwali ni wastani wa kupwa kukubwa kwa kila siku) saa 1:00 asubuhi, yatajaa hadi futi 6.5 saa 7:40 mchana, yatapwa tena hadi futi 2.8 tu saa 12:50 jioni, kisha yatajaa hadi futi 8.5 saa 6:50 usiku. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili kufundishia, ila umbo lake ndilo la siku nyingi za miezi ya joto.

Chukua rasi ambayo ramani inaandika kwamba inapitika maji yakiwa chini ya futi nne. Asubuhi mlango wake uko wazi tangu alfajiri hadi karibu saa 5. Jioni unafunguka karibu saa 10:50, lakini maji hayashuki zaidi ya futi 2.8, kwa hiyo unapita ukiwa na akiba ya futi moja na kidogo tu, na wimbi moja kubwa linaimaliza akiba hiyo. Sasa chukua rasi nyingine iliyoandikwa futi mbili. Asubuhi inapitika. Jioni haipitiki kabisa, hata dakika moja, ingawa ukitazama kwa macho utaona maji yanarudi nyuma na moyo utakuambia usubiri kidogo. Mtu wa pwani yetu ndiye anayenaswa hapa kwa urahisi kuliko mtu wa bara, kwa sababu mazoea yake yanamwahidi nafasi ya pili ambayo haipo.

Mfano huohuo una jambo la pili, nalo linahusu mahali pa kusimamisha hema. Ukifika kambini saa 9 alasiri utaona mstari wa mchanga uliolowa, mahali maji ya mchana yalipofika, na utajisikia salama ukilala hatua kumi juu yake. Lakini kujaa kwa usiku wa manane ni futi mbili zaidi ya kule kwa mchana, na ufuko ukiwa tambarare futi mbili za kwenda juu ni hatua nyingi za kwenda ndani. Usiku wangu wa kwanza kusini mwa Toleak Point niliamshwa na sauti ya kokoto zikisuguana. Niliwasha taa ya kichwani, nikafungua zipu, na povu lilikuwa likizama mchangani mbele ya vidole vya buti zangu nilizoziacha mlangoni. Tangu hapo siangalii mchanga uliolowa. Natafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na vijiti, kisha napanda zaidi ya hapo, hadi penye nyasi au penye kambi iliyokwisha kutumika pembezoni mwa msitu.

Jedwali lenyewe hutolewa bure na NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa. Hakikisha mambo matatu. La kwanza, kituo kiwe ni cha La Push au kilicho karibu na njia yako. La pili, saa ziwe za kiangazi, kwa sababu baadhi ya majedwali ya karatasi hayaongezi ile saa moja ambayo Wamarekani huisogeza mbele kuanzia Machi. La tatu, kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, andika saa zote mbili kwenye daftari, ya kwao na ya kwetu, maana mwongozaji akisema saba asubuhi nawe ukasikia saa saba, mnaweza kukosana kwa saa sita. Kisha kila usiku, kabla ya kulala, mwambie mwongozaji wewe mwenyewe saa za kesho na rasi mtakazokutana nazo, umsikilize akikusahihisha. Wengi wao hulipenda jambo hilo.

Magogo nayo yanastahili neno. Mito ya huko husukuma miti mizima baharini, na bahari huirudisha ufukweni ikiwa imevuliwa maganda na kuwa myeupe kama mifupa. Ni viti vizuri maji yakiwa mbali. Maji yakiwa karibu, wimbi linaloonekana dogo linaweza kuliinua gogo la tani kadhaa na kulivingirisha, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Usipite kati ya gogo na maji wakati mawimbi yanalifikia. Vijito, kama vile Goodman Creek na Mosquito Creek, huvukwa kwa miguu. Fungua mkanda wa kiunoni wa shanta kabla ya kuingia, ili ukianguka uweze kulivua, na baada ya mvua kubwa kubali kusubiri. Maji ya vijito hivyo yana rangi ya chai ya mkandaa kwa sababu ya majani na maganda yaliyolowekwa msituni. Rangi hiyo haidhuru, lakini vijidudu hudhuru, kwa hiyo yachemshe au yachuje.

Pwani hii pia iko mbele ya ufa mkubwa wa ardhi chini ya bahari, ambao tarehe 26 Januari 1700 ulileta tetemeko na tsunami iliyovuka Pasifiki hadi Japani. Ardhi ikitetemeka, usikusanye vitu. Panda juu mara moja.

Siku ya kupumzika

Siku ya nne lala kitandani mjini Forks au kwenye kambi ya barabarani, na uitumie kwa kazi moja ya lazima: kuosha chumvi na mchanga kwenye zipu za hema, kwenye fimbo za kutembelea na kwenye buti kwa maji matamu, kwa sababu zipu iliyojaa mchanga itakufia mlimani siku ya mvua. Ukipata gari na nguvu, nenda Neah Bay kwenye jumba la makumbusho la watu wa Makah. Kijiji chao cha Ozette kilifunikwa na maporomoko ya tope karne kadhaa zilizopita, nyumba na vyombo vikabaki humo chini vikiwa vizima, hadi dhoruba ilipokifunua mwaka 1970. Wachimbaji wa elimu ya kale walifanya kazi hapo kwa miaka 11 wakishirikiana na Wamakah wenyewe, wakatoa vitu zaidi ya 55,000, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1979. Kwa anayejua jinsi Kilwa na Gede zinavyozungumza kwa mawe, ni jambo la kugusa moyo kuona watu wengine wa pwani wakizungumza kwa mbao, kamba na ndoana za kuvulia.

Milimani

Njia ya mlimani huanzia mwisho wa barabara ya Sol Duc na kuzunguka kwa kilomita 30 hivi. Unapita maporomoko ya Sol Duc, unapanda hadi ziwa la Deer, unaingia bonde la Maziwa Saba, unatembea juu ya mgongo wa mlima uitwao High Divide, kisha unashuka kupitia ziwa la Heart na kuufuata mto kurudi ulikoanzia. Nashauri usiku wa kwanza ulale Deer na wa pili Heart, kwa kuwa hapo sehemu ya juu kabisa itaangukia katikati ya siku ya pili, wakati una nguvu na mchana bado upo. Kutoka kwenye mgongo huo, hewa ikiwa safi, ng'ambo ya bonde la Hoh utauona Mlima Olympus na barafuto lake la buluu likishuka kati ya miamba.

Kama ufukweni maji ndiyo yanayotoa ruhusa, huku juu inayotoa ruhusa ni theluji. Wiki moja kabla, piga simu kituo cha hifadhi kilichoko Port Angeles uulize imebaki kiasi gani kwenye miteremko inayotazama kaskazini, maana hiyo ndiyo huyeyuka mwisho. Theluji ya asubuhi ni ngumu na huteleza kama kioo; ya adhuhuri ni laini na mguu huzama. Ikiwa mteremko ni mkali na chini yake kuna mawe, kosa la hatua moja halina breki, na bila shoka la barafu na mtu aliyefundishwa kulitumia ni afadhali kurudi. Jihadhari pia na theluji iliyolala juu ya kijito, kwa sababu maji huila kwa chini ikabaki ganda jembamba. Ukisikia maji yakitiririka chini ya miguu yako, rudi ulikotoka.

Wanyama ni wengi. Mamoti wa Olympic, mnyama mnene wa jamii ya kindi anayeishi mashimoni na ambaye hapatikani popote pengine duniani, atakupigia mluzi kutoka kwenye jiwe lake. Dubu weusi huja kula matunda ya vichakani mwishoni mwa kiangazi. Kaa umbali usiopungua mita 50, zungumza kwa sauti ya kawaida unapokaribia kona, na chakula kikae ndani ya kopo huku pia. Mbuzi wa mlimani waliletwa na watu katika miaka ya 1920, na kati ya 2018 na 2020 zaidi ya 300 walihamishiwa milima mingine. Waliobaki ni wachache, lakini hupenda chumvi ya jasho na mkojo, na mwaka 2010 mmoja wao alimuua mtembeaji. Kojolea mbali na njia, juu ya mawe, na mbuzi akikufuata mfukuze kwa kelele na mawe. Moto wa kuni hauruhusiwi juu ya mita 1,070 hivi. Tumia jiko la gesi.

Jambo la mwisho kuhusu mlima ni la kumtazama mwenzako. Mtu anayepoteza joto la mwili hasemi kwamba anaumwa. Mwenzangu mmoja, mcheshi wa kundi zima, alinyamaza baada ya saa tatu za manyunyu. Nilimwona akijaribu kufunga zipu ya koti lake mara nne, vidole vikipita pembeni ya zipu kana kwamba si vyake, na nilipomuuliza alijibu kwa ulimi mzito kwamba yuko sawa. Tulisimamisha hema hapohapo, tukamvua nguo zote zilizolowa, tukamvisha kavu, tukamtia kwenye mfuko wa kulalia na kumnywesha maji ya moto yenye sukari nyingi, kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza na kujibu. Alianza kutetemeka tena baada ya robo saa, na kutetemeka huko kulitufurahisha, kwa sababu mwili uliokoma kutetemeka ukiwa bado wa baridi uko katika hatari kubwa zaidi. Usingoje mwongozaji aione dalili hiyo. Yeye yuko mbele anatafuta njia, na wewe ndiye unayeona mikono ya aliye nyuma yake.

Siku ya saba unashuka ukiwa na mto Sol Duc pembeni yako hadi kwenye maporomoko, ambako familia zenye watoto zitakuwa zinapiga picha, na kutoka hapo hadi maegesho ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Vua buti, kagua vidole vya miguu, ubadilishe soksi kabla ya kupanda gari. Rudisha kopo la chakula likiwa limeoshwa. Ukifika nyumbani usiliache hema ndani ya mfuko wake hata usiku mmoja; litandaze sebuleni likauke pande zote mbili, na mchanga wa Third Beach utakaodondoka kwenye pembe zake ufagie kesho yake.